Neno Chini ya Chetezo

Ijumaa, tarehe 20 Juni 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani ukajaa migombani, na umande ulidondoka kutoka jani hadi jani kama mvua iliyosahau kwamba kiangazi kimeshaingia. Lakini upepo ulikuwa haujaamka, na mawingu yalikuwa mepesi, ya kupita. Kwa mtu anayetaka kuchoma vyungu uani, bila tanuri, hiyo ilikuwa habari njema. Luhaga alisimama nyuma ya jiko la mama mkwe wake, kijijini Muleba, akafanya ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana, asante kwa upepo uliolala. Ukipenda, uache ulale mpaka jioni."

Kisha akapanda kwenye kigoda, akakishusha chetezo kutoka kwenye kichanja cha juu ya mafiga, kilipokuwa kikikaukia.

Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa bakuli lenye mguu mfupi na tumbo la duara, lenye matundu matatu kwenye ukingo ya kupitishia minyororo, na kifuniko chenye vitundu vya kutolea moshi wa ubani. Alikuwa amekisugua kwa jiwe la ufukweni mpaka udongo ukateleza kama mbegu ya parachichi. Hakukuwa na rangi ya dukani wala kitu cha kukipaka. Kilichobaki kilikuwa ni kazi ya moto na moshi. Chini ya mguu, mahali ambapo hakuna anayetazama, alikuwa amekwaruza neno moja kwa msumari kabla udongo haujakauka. Hata mkewe Klaudia hakumwambia.

Viwili vilivyotangulia vilipasukia motoni. Kilibaki hiki, na sikukuu ilikuwa Jumapili.

Mambo yalianza siku ya Pasaka. Siku hiyo Ma Verdiana, mama yake Klaudia, alisimama kanisani mbele ya watu wote wa kigango, akasema kwamba Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo haitawakuta tena wakifukiza ubani kwa kopo la maziwa. Kopo hilo lilitobolewa kwa misumari na kuning'inizwa kwa minyororo, na kila mwaka lilimpaka katekista Boniface masizi kwenye kanzu yake nyeupe. "Nitawafinyangia chetezo," alisema Ma Verdiana, na watu wakapiga makofi. Kisha masika yakakolea, na pamoja nayo viungo vya vidole vyake vikavimba, vikakataa kukunjika. Macho yalikuwa yamekwisha tangulia. Yalibaki kuona mwanga na vivuli tu. Mama aliyewafinyangia majirani vyungu vya kupikia tangu ujana wake, sasa hakuweza kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja.

"Ahadi yangu imenifia mikononi," alimwambia Klaudia kwa simu.

Klaudia alikuwa nyumbani kwake Kagondo, Bukoba, ameweka simu kwa sauti kubwa huku akimenya ndizi. Luhaga alikuwa mezani, anafuata kwa kidole mistari ya kitabu cha masomo ya jioni. Alikuwa ameanza kujifunza kusoma akiwa na mvi tayari, na darasani wenzake walimwita Babu. Aliposikia maneno yale alifunga kitabu.

"Twende," alisema.

"Twende wapi? Na wewe utafanya nini?"

"Si nimekuwa nikifinyanga kila kiangazi tunapokwenda kuvuna kahawa?"

"Unafinyanga vya kuwekea chumvi, mume wangu. Hiki ni cha altareni."

"Ndiyo maana nasema twende mapema."

Klaudia alimtazama, akacheka, akaanza kutafuta begi. Alijua mumewe anatafuta nini.

Luhaga alizaliwa upande wa Sengerema. Alikuja visiwa vya Muleba akiwa kijana, akavua dagaa, akalala kwenye vibanda vya mabati, akahama na samaki. Alipotaka kumwoa Klaudia, ukoo ulikaa kikao. Ta Rutaihwa, mdogo wa marehemu baba yake Klaudia, alisema wazi kwamba mnyamahanga, mtu wa kuja, hana shamba wala kaburi la babu hapa, na mvuvi anaweza kuaga asubuhi asionekane tena. Wengine waliitikia kwa vichwa. Ndipo Ma Verdiana aliposimama, jambo ambalo mwanamke hakutarajiwa kulifanya siku hiyo.

"Mimi nimemwona bandarini," alisema. "Gunia la mama mmoja asiyemjua lilipasuka, dagaa wakamwagika mchangani. Wenzake walicheka. Yeye alipiga magoti akaokota mpaka wa mwisho, akalishona gunia kwa uzi wa nyavu. Mnyamahanga au si mnyamahanga, mikono ile naitaka karibu na nyumba yangu."

Kikao kikaisha hivyo. Luhaga alipata mke, akapata shamba, akapata watu wa kumzika. Na kwa miaka yote iliyofuata, hakuwahi kumwambia mama yule asante.

Si kwamba alisahau. Katika nyumba ile mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaitani majina, na wala hawazungumzi moja kwa moja. Siku hizi vijana wa mjini wanakumbatiana na wakwe zao stendi mchana kweupe, lakini Ma Verdiana hakuwa wa mjini, na Luhaga alimheshimu kupita kiasi cha kumwomba alegeze. Shukrani ya kutumwa kupitia mtu wa tatu aliiona kama chakula kilichopoa. Kwa hiyo aliiweka moyoni, na kila jioni aliitaja katika sala, akimwomba Mungu amfikishie.

Hata ufinyanzi alijifunza kwa mtindo huo. Ma Verdiana alikaa ndani ya jiko, mgongo kwenye ukuta wa miti na udongo. Luhaga alikaa nje, mgongo kwenye ukuta uleule. Klaudia alikaa mlangoni, katikati yao, akipeleka udongo ndani ukapapaswe na kuurudisha nje pamoja na maneno.

"Mwambie mtu wako shingo imenenepa," mama alisema kwa Kihaya.

"Mama anasema shingo imenenepa."

"Nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Kama amesikia mbona bado nene?"

"Anauliza mbona..."

"Klaudia, nimesikia! Kihaya nakijua!"

"Basi semezaneni wenyewe, mniache nikapike," Klaudia alisema, na wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukuta, walinyamaza kwa aibu mpaka akacheka na kuendelea na kazi yake ya ukalimani.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa, umande ukiwa haujakauka, Ta Rutaihwa alifika. Ndiye sasa mwenyekiti wa kigango. Alivaa koti, akabeba fimbo, na chini ya kwapa alikuwa na lile kopo la maziwa.

"Hodi waitu, ndugu zangu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, Ta. Karibu," Luhaga alisema, akiinama kidogo.

"Nimekuja na mtoto wetu wa zamani." Alilipiga kopo kwa kidole. "Nimelisugua kwa mchanga. Si kwamba nakuombea mabaya, mvuvi. Ila nyavu unazijua; udongo ni kitu kingine. Vimepasuka vingapi?"

"Viwili."

"Baba, Mwana... bado Roho Mtakatifu," alisema Ta Rutaihwa, akacheka kwa utani wake mwenyewe. Kisha, akiinua sauti kuelekea jikoni: "Shemeji Verdiana! Hakuna atakayekulaumu! Mikono ikichoka imechoka!"

Kutoka ndani sauti ilijibu kwa Kihaya, "Acha hilo kopo hapo nje, Rutaihwa. Tutalitumia kuchotea majivu."

Lakini Luhaga, aliyeijua sauti hiyo kwa kuisikiliza kupitia ukuta, alisikia ilivyotetemeka mwishoni. Yeye aliyewahi kulitoa neno lake mbele ya ukoo kwa ajili yake, sasa neno lake lilikuwa linaelekea kuanguka mbele ya kigango kizima. Mzee alipoondoka, Luhaga alipiga magoti kando ya marundo ya kuni. "Bwana, mimi ni mtu wa kupokea tu. Umenipa kila kitu kupitia nyumba hii. Leo nikubalie nirudishe hiki kidogo."

Kazi ya kuchoma ilianza ukungu ulipoinuka. Kwanza alikipasha joto chetezo juu ya makaa machache, akikigeuza mara kwa mara, ili unyevu uliojificha kwenye kuta zake utoke taratibu. Hapo ndipo vile viwili vya kwanza vilipokosewa; aliviharakisha. Kisha alitandika samadi kavu na vijiti kwenye shimo la kina cha kiwiko. Chetezo alikilaza kifudifudi katikati, kifuniko chake pembeni, na kukizunguka akaweka vyungu viwili vidogo vya mboga. Juu yake akapanga vigae vya vyungu vya zamani, ili ulimi wa moto usivirambe moja kwa moja. Kuni nyembamba zikafuata, nyasi kavu, na majani makavu ya mgomba.

Pembeni kulikuwa na vikapu vya maganda ya kahawa. Hayo yalikuwa ya mwisho. Moto ukishakolea na vyungu vikishawaka vyekundu, unayamwaga juu yake. Hayatoi mwali, yanatoa moshi mzito, na moshi huo ndio unaoingia kwenye udongo na kuupa rangi. Ma Verdiana alikuwa amekwisha eleza, kupitia kwa Klaudia, jinsi alivyokitaka: rangi ya kahawa mbivu, na madoa ya moshi ubavuni kama kivuli cha jani.

Moto uliwaka vizuri. Ulinguruma kidogo, ukatulia, ukaanza kula kwa adabu. Klaudia alichungulia, akaridhika, akachukua ndoo.

"Nakimbia bombani mara moja. Maji yakikatika leo tutapikia mate."

"Nenda. Hapa hakuna neno."

Ndoo ilipopotea migombani, upepo ukaamka. Ulikuja ghafla kutoka ziwani, ukapiga mwali ukaulaza upande mmoja, na kuni zikaanza kulia pa! pa! kama bisi. Luhaga aliona katikati ya vigae wekundu wa kweli, wekundu wa jua la machweo. Aliinua kikapu cha maganda akamwaga. Moshi ulipanda mzito, wa njano, lakini upepo ulikuwa unaupeperusha wote kuelekea barabarani. Alimwaga kikapu cha pili. Upepo ukapeperusha.

Ndani ya jiko, Ma Verdiana aliinua pua. Kwa kuwa macho hayakumsaidia, moto aliufuata kwa harufu na kwa sikio. Alisikia upepo. Alinusa moshi ukija na kukatika, ukija na kukatika, akajua rangi yote inakwenda barabarani.

"Klaudia!" aliita.

"Klaudia, we!"

Luhaga alisimama na kikapu mkononi. Alitaka kujibu kwamba Klaudia hayupo, lakini angejibuje, na kwa nani?

Ndipo mama yule alipofanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alisema na mkwe wake. Hakusema kwa Kihaya, kwa sababu Kihaya kilikuwa na ukwe wake na aibu zake. Alikimbilia Kiswahili, lugha ya sokoni na ya kanisani, ambayo mtu anaweza kumsemesha yeyote. Kilikuwa Kiswahili cha kuazima, na kilimtoka kwa haraka, huku kuni zikilia na migomba ikipiga kelele.

"Wewe huko! Fukiza! Fukiza sana!"

Luhaga alishtuka kana kwamba ukuta wenyewe umesema. Mama amesema nami! Na alichosikia, upepo ukiwa umekula katikati ya neno, kilikuwa: *Fukia! Fukia sana!*

Mtu mwingine angeuliza. Angesema, "Unasemaje, Mama?" na mambo yangeishia hapo. Lakini mkwe gani anaanza mazungumzo yake ya kwanza na mama mkwe kwa kumwambia rudia? Luhaga alitupa kikapu, akachukua jembe. Udongo wa pembeni ya shimo ulikuwa laini kwa umande. Alifukia. Alifukia ule moto wote, na maganda yake yanayofuka, na vigae, na vyungu, akautupia udongo kama mtu anayezika, mpaka pakawa na kichuguu, na juu ya kichuguu uzi mmoja mwembamba wa moshi, ambao nao aliukanyaga kwa jembe ukakata. Kisha akasimama, jasho linamtiririka, akiwa na furaha kama ya mtoto aliyetumwa dukani akarudi na chenji kamili.

Klaudia alirudi na ndoo kichwani. Alitazama kichuguu. Alimtazama mumewe.

"Moto uko wapi?"

"Humo ndani."

"Nani kafa?"

"Mama kasema fukia. Amesema nami, Klaudia! Mwenyewe, kwa mdomo wake!"

Kabla Klaudia hajajibu, sauti ilitoka jikoni, kwa Kihaya. "Klaudia, umerudi? Mbona moshi umekata kabisa? Mwambie mtu wako nilisema afukize."

Klaudia aliitua ndoo polepole. "Alisema fu-ki-za, mume wangu."

Fukia, fukiza. Lo! Darasani, si zaidi ya mwezi uliopita, mwalimu aliandika maneno hayo mawili ubaoni, moja chini ya lingine, akawafanya wayasome kwa sauti mpaka wakachoka. Luhaga ndiye aliyesifiwa.

"Mama," Klaudia alisema kuelekea mlangoni, "ameufukia. Kwa udongo. Wote."

Ma Verdiana alisema jambo refu sana kwa Kihaya, kwa kasi sana, na humo ndani mlikuwa na maneno ambayo Luhaga hakuwahi kufundishwa.

"Amesema nini?"

"Amesema tuombe."

"Amesema mengi kuliko hayo."

"Mengine si ya kumwambia mkwe."

Wafukue? Hilo nalo halikuwezekana. Udongo unaowaka ukikutana na hewa baridi ghafla unapasuka kama glasi. Hapakuwa na la kufanya ila kuacha mpaka kesho. Lile kopo la Ta Rutaihwa lilikuwa palepale kando ya mlango, linang'aa kwa kusuguliwa.

Jioni walisali rozari, wawili ndani na mmoja nje ya mlango, kama kawaida. Zamu ya Luhaga ilipofika, alitaka kuomba muujiza, lakini maneno hayakuja. Kilichokuja ni hiki: "Asante, Bwana, kwa kuwa leo alisema nami. Hata kama sikusikia."

Ndani, mtu aliguna kidogo. Hakuna aliyejua kama ni kicheko.

Jumamosi jua lilitoka mapema. Waliufukua udongo kwa mikono, Klaudia upande huu na Luhaga upande ule, na ulikuwa bado vuguvugu kama tumbo la kuku anayeatamia. Chungu cha kwanza cha mboga kilitoka vipande. Uzito wa udongo ulikivunja. Cha pili kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kitako. Kifuniko cha chetezo kilikatika katikati. Klaudia aliacha kuchimba, akakaa juu ya visigino vyake. Luhaga aliendelea.

Kigae kimoja kikubwa kilikuwa kimeegemea kingine, vikafanya kama paa la kibanda. Aliliondoa paa. Chini yake alikuta kitu cheusi.

Alikitoa akakipangusa kwa shati lake. Kilikuwa cheusi kote, cheusi cha ndani, na pale jiwe lilipopita, weusi wenyewe uling'aa. Hapakuwa na doa. Hapakuwa na kivuli cha jani wala rangi ya kahawa mbivu. Moshi wa maganda ulikosa pa kutokea, ukakaa na udongo mahali pamoja siku nzima na usiku, ukaingia wote.

"Kimeungua," Luhaga alinong'ona.

"Kigonge," alisema Klaudia.

Alikigonga kwa ukucha. Kililia. Mlio wake ulikuwa mrefu na safi, kama kengele ndogo ya misa.

"Kileteni," sauti ilisema kutoka ndani.

Luhaga alitandika jani la mgomba kizingitini, akakiweka chetezo juu yake, akarudi nyuma, akageuza uso kama ilivyompasa. Alisikia viatu vya plastiki vikiburuta. Alisikia vidole vigumu vikipapasa ukingo, tumbo, matundu matatu. Alisikia ukucha ukigonga, mara moja, kisha tena.

"Kizima," Ma Verdiana alisema. "Rangi gani?"

"Nyeusi, Mama," alijibu Klaudia.

"Upande gani?"

"Pande zote. Kote kabisa."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Ni nyeusi hadi ndani."

"Mimi maisha yangu yote moshi ulinipa madoa tu," alisema mama. "Upande mmoja huu unakubali, mwingine unakataa. Nyeusi kote sikuwahi kuipata." Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni. "Na mimi nilivyopiga kelele! Fukiza, fukiza! Kumbe fukiza, halafu fukia!"

Klaudia naye alicheka mpaka akajishika mbavu. Luhaga peke yake hakucheka, kwa sababu alisikia vidole vikifika chini ya mguu wa chetezo, vikisimama.

"Hapa pana mikwaruzo. Ni ufa?"

Klaudia aliinama kutazama. "Si ufa. Ni maandishi."

"Yanasema nini?"

"Mwenyewe yupo. Ayasome mwenyewe."

Luhaga hakuugeuza uso wake kutoka migombani. Alilisoma bila kuliona, kwa jinsi walivyofundishwa, silabi moja baada ya nyingine.

"Wa. Ko. La."

Wakola. Ni neno la Kihaya la kushukuru, na ukilifumua maana yake ni "umefanya kazi". Jirani humwambia jirani aliyempisha njiani. Mke humwambia mume aliyerudi na kuni. Ni neno la kila siku, na Luhaga alilibeba kwa nusu ya maisha yake bila kupata mahali pa kulitua.

"Nani anamwambia nani?" Ma Verdiana aliuliza, taratibu, kwa Kiswahili.

Klaudia alifungua mdomo ili apeleke swali nje, kisha akaufunga.

"Mimi, Mama," Luhaga alisema. "Nakwambia wewe. Kwa siku ile ya kikao. Kwa Klaudia. Kwa kila kitu."

Kuku alipita uani akiparua majivu. Ma Verdiana alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Geuka," alisema. "Kizito hiki. Nipokee."

Akageuka. Mama alikuwa amesimama kizingitini, mdogo kuliko alivyomdhania, amekiinua chetezo kwa mikono miwili. Hakukiweka kwenye jani. Luhaga alisogea, akapiga magoti, akakipokea mkono kwa mkono, na vidole vile vilivyovimba vikakaa juu ya vyake kidogo kabla ya kuachia.

Jumapili, minyororo ikiwa imetolewa kwenye kopo na kufungwa kwenye matundu matatu, maandamano ya Ekaristi yalitoka kanisani na kuzunguka kati ya migomba. Watoto walimwaga maua njiani. Katekista Boniface alikipunga chetezo mbele ya padri, na moshi wa ubani, kwa kuwa hakukuwa na kifuniko cha kuubana, ulipanda wazi, mweupe, kutoka kwenye ule weusi. Luhaga alitembea nyuma pamoja na wanaume wengine. Hakuomba kitu. Aliusindikiza tu kwa macho ulipokuwa ukipotea juu ya migomba.

Baada ya misa watu walibaki uani. Boniface aliinua mikono yake akawaonyesha.

"Tazameni kanzu! Mwaka wa kwanza narudi nyumbani kama nilivyotoka! Mke wangu hataamini kwamba nimesali!"

Walipomaliza kucheka, Ta Rutaihwa aligonga ardhi kwa fimbo. "Waitu, nisikilizeni. Shemeji Verdiana alitoa ahadi hapa siku ya Pasaka, na ameitimiza. Ingawa naona kifuniko kimepungua."

"Ubani una haraka ya kwenda juu," alijibu Ma Verdiana kutoka kwenye benchi lake. "Ya nini kuufunika?"

"Nimekubali. Na mimi nilikuja Ijumaa na kopo, kwa hiyo leo nanyamaza." Watu wakacheka tena. "Ila nina swali moja. Ndoo ya plastiki tunayowekea maji ya ubatizo inatia aibu. Tunataka mtungi. Na wewe mikono yako tumeiona. Nani atatufinyangia?"

Ma Verdiana alilaza mikono yake mapajani. Kisha aliinua uso kuelekea upande waliosimama wanaume.

"Luhaga," aliita. "Njoo hapa."

Minong'ono ilipita uani kama upepo, kwa sababu wote waliijua nyumba ile na adabu yake. Amemwita jina! Luhaga mwenyewe hakuwahi kulisikia jina lake kwa sauti ile. Alipita katikati ya watu, Klaudia akampisha, akasimama mbele ya benchi, hakugeuza uso.

"Umemsikia Rutaihwa," mama alisema. "Sema wewe, watu wasikie."

Luhaga alivua kofia. Alimtazama Ta Rutaihwa, akamtazama katekista, akawatazama watu wote wa kigango, kisha akamtazama mama mkwe wake usoni.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu ninyi wote," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa waliosimama barabarani, "mtungi huo nitaufinyanga mimi, kwa udongo wa hapahapa, na nitauchomea palepale nyuma ya jiko la Mama. Na kila kiangazi nitakuja kufinyanga, mradi yeye anikalie karibu anielekeze. Nitafukiza, halafu nitafukia. Na neno lolote utakaloniambia, Mama, nisipolisikia vizuri, nitauliza."